Mwongozo kamili: jinsi ya kulichambua shairi la kisasa la Kiajemi kwa kuanzia umbo lake

Kila nikisomeshwa uchambuzi wa shairi la Nima Yushij, mshairi wa kisasa wa Iran, ulioandikwa na msomaji wa Kiswahili, nakutana na mambo mawili yaleyale. Aya ya kwanza inamzungumzia Shah wa Iran. Aya ya pili inasema mshairi ametupa vina na mizani, kaandika guni. Hilo la kwanza limekuja mapema mno. La pili si kweli kabisa, na ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu sisi tuliolelewa na tenzi na tarbia tulipaswa kuwa wa kwanza kulisikia pigo la shairi hilo.

Mwongozo huu unafuata njia ya wanafomalizimu: kuuliza shairi limetengenezwaje kabla ya kuuliza linasema nini. Nitatumia shairi moja tangu mwanzo hadi mwisho, lile la Nima linaloanza kwa *Mī-tarāvad mahtāb*. Lifuate hatua kwa hatua, kisha chukua shairi lako mwenyewe.

## Andaa haya kwanza

Shairi lenyewe kwa Kiajemi. Tafsiri peke yake haitoshi. Umbo ndilo la kwanza kupotea katika tafsiri, na umbo ndilo tunalolitafuta.

Nakala ya herufi za Kilatini yenye alama ya irabu ndefu. Tofauti ya *a* na *ā* si pambo, maana mizani yote imesimama juu yake. Katika mwongozo huu *ā*, *ī* na *ū* ni ndefu. *A*, *e* na *o* ni fupi.

Sauti ya Mwajemi akilisoma. Rekodi yoyote nzuri inafaa. Ukiwa na jirani au rafiki Mwirani, mwombe akusomee mara tatu, polepole.

Kamusi. Anayesoma Kiajemi atumie *Loghatnāme* ya Dehkhoda. Anayepitia Kiingereza atumie Steingass.

Nakala tatu za shairi kwenye karatasi, na kalamu za rangi mbili. Moja ya mizani, moja ya vina na sauti, moja ya maneno. Ukiyaweka yote kwenye karatasi moja utapotea.

Neno kwa waliopitia madrasa. Mnazijua herufi, na hilo ni jambo kubwa, lakini lina mtego wake. Kiajemi kinazisoma ص، ث na س zote kama *s*. ض، ظ، ذ na ز zote kama *z*. Herufi و (vav) ikiwa konsonanti husomwa *v*. Na katika neno kama خواب (*khāb*, usingizi) vav imeandikwa lakini haisomwi. Ukiitamka, mizani yako imeharibika hapohapo.

Sharti la mwisho: usisome wasifu wa mshairi mpaka ufike hatua ya saba.

## Hatua ya 1: Lisikie, usilitafsiri

Andika mishororo ya mwanzo kwa herufi za Kilatini kwa mkono wako mwenyewe:

*Mī-tarāvad mahtāb*
*mī-derakhshad shabtāb*
*nīst yek dam shekanad khāb be chashm-e kas o līk*
*gham-e īn khofte-ye chand*
*khāb dar chashm-e taram mī-shekanad.*

Isome kwa sauti mara tano. Ndipo utengeneze tafsiri kavu, neno kwa neno, bila kuipamba: *Mbalamwezi inachuruzika / kimulimuli kinang'aa / hakuna hata nukta moja usingizi ukavunjika machoni mwa mtu, lakini / huzuni ya hawa wachache waliolala / inauvunja usingizi katika jicho langu lililolowa.*

Kwa nini: tafsiri tamu huficha maneno ya ajabu. Wengi huandika "mbalamwezi inaangaza" kwa kuwa ndivyo mbalamwezi inavyofanya. Hapo shairi limeshakufa, na hatujafika hata hatua ya pili.

Utajua umefaulu ukiweza kuisema mishororo hiyo mitano kwa kichwa huku tafsiri yako ikionekana mbaya.

## Hatua ya 2: Pima mizani kwa urefu, si kwa idadi

Hapa ndipo watu wanapoanguka, kwa hiyo tutakaa.

Sisi tunahesabu silabi. Utenzi una mizani nane kwa kipande, tarbia ina nane na nane, na kila silabi ina uzito uleule wa mwenzake. Ukihesabu hivyo hapa utapata 6, 6, 13, 7 na 10. Utafunga daftari na kusema ni guni.

Kiajemi kinapima *urefu* wa silabi. Kanuni zenyewe ni hizi:

Silabi ya konsonanti na irabu fupi ni fupi. Iite *ta*. Mfano: *ka*, *be*.

Silabi yenye irabu ndefu, au irabu fupi iliyofungwa na konsonanti, ni ndefu. Iite *TAA*. Mfano: *rā*, *vad*.

Silabi iliyofungwa na zaidi ya hapo, kama *khāb* au *nīst*, huhesabiwa ndefu na fupi: *TAA ta*. Ikiwa mwisho wa mshororo huhesabiwa ndefu tu. Na *n* inayofuata irabu ndefu haiongezi kitu.

Kuna ruhusa tatu. Kiungo *-e* kinachounganisha maneno (kama kiungo chetu *-a* katika "jicho *la* mtu") kinaweza kuwa kifupi au kirefu kadiri mizani inavyotaka. Kipande cha kwanza kinaweza kuanza kwa *TAA* badala ya *ta*. Na katika kipande cha mwisho, *ta ta* mbili zinaweza kumezwa na *TAA* moja.

Sasa piga makofi, kofi kubwa kwa *TAA* na dogo kwa *ta*. Alama ya / inatenganisha vipande:

1. TAA ta TAA TAA / TAA TAA
2. TAA ta TAA TAA / TAA TAA
3. TAA ta TAA TAA / ta ta TAA TAA / ta ta TAA TAA / ta ta TAA
4. ta ta TAA TAA / ta ta TAA
5. TAA ta TAA TAA / ta ta TAA TAA / ta ta TAA

Umeona? Pigo ni moja tangu mwanzo. Ni bahari ya ramal, mojawapo ya mizani ya kale. Ndiyo, Kiajemi kinaiita *bahr*, neno lilelile tunalolitumia tunapotaja bahari za ushairi, kama *diwani* yetu ilivyo *dīvān* yao. Kilichobadilika ni idadi ya vipande: viwili, viwili, vinne, viwili, vitatu. Washairi wa zamani walilazimika kutoa idadi ileile kila mshororo. Nima hakulivunja pigo. Aliuacha kila mshororo uende nalo umbali unaouhitaji, basi.

Angalia pia neno *chashm-e* (jicho la). Katika mshororo wa tatu *-me* ni ndefu. Katika wa tano ni fupi. Jicho la "mtu yeyote" linavutwa, jicho "langu" linapita haraka. Sikuambii uandike insha nzima juu ya hilo. Liandike pembeni, litakuja kuitwa baadaye.

Onyo: usilazimishe. Ukifika silabi isiyoingia, tisa kati ya kumi kosa ni la usomaji: umesahau irabu ndefu, au umeitamka vav isiyotamkwa. Rudi kwenye rekodi.

Utajua umefaulu mikono ikiendelea kupiga yenyewe unapofika mshororo usiokuwa umeupima.

## Hatua ya 3: Uliza kila mshororo kwa nini umekatika hapo

Kwa kuwa sasa unajua mshairi ana uhuru wa urefu, kila mwisho wa mshororo ni uamuzi. Katika tarbia mshororo unaisha kwa sababu mizani imetimia. Hapa unaisha kwa sababu mtu ametaka uishe.

Miwili ya kwanza ni mifupi na imelingana kabisa. Vitu viwili vidogo usiku, mbalamwezi na kimulimuli, kila kimoja na pumzi yake. Kisha unakuja mrefu kuliko yote mitano, wa watu waliolala: usingizi usiokatika, katika mshororo usiokatika. Na mwishoni kabisa mwa mshororo huo limening'inia neno *līk*, "lakini", peke yake ukingoni. Pumzi inakwisha kwenye "lakini".

Fanya hivi: liandike shairi upya ukihamisha *līk* hadi mwanzo wa mshororo wa nne. Soma. Utasikia kitu kimeanguka. Jaribio hili la kuhamisha na kusikiliza ndilo silaha yako kubwa, litumie kila mahali.

## Hatua ya 4: Tafuta vina, kisha tafuta kengele

Chukua nakala ya pili. Zungushia sauti zinazofanana mwishoni mwa mishororo, katika shairi zima.

Utaanza na *mahtāb*, *shabtāb*. Kisha utadhani vina vimekwisha. Endelea kusoma hadi mwisho wa kila ubeti, utakutana na hivi:

*chashm-e taram mī-shekanad*
*safaram mī-shekanad*
*be baram mī-shekanad*
*bar saram mī-shekanad*
na mwisho tena *chashm-e taram mī-shekanad*.

Kina ni *-aram*. Baada ya kina linafuata neno lisilobadilika, *mī-shekanad*, "linavunja" au "linavunjika". Waajemi wanaliita neno hilo *radif*. Usilichanganye na kibwagizo chetu: kibwagizo ni mshororo mzima unaorudi, radif ni neno au maneno yanayokaa nyuma ya kina.

Nima mwenyewe alikiita kina kengele ya hoja. Kengele hailii kila dakika. Inalia jambo linapotimia. Ndiyo maana vina vyake viko mbalimbali, na msomaji anayevitafuta kila mshororo anaamua havipo.

Sasa fanya kazi yenyewe. Andika kila kengele inapolia ni *nini* kinachovunjika:

Katika ubeti wa kwanza, usingizi jichoni. Wa pili, mwiba wa njia ya safari, ndani ya ini. Wa tatu, shina laini la ua alilolipanda na kulimwagilia, kifuani pake. Wa nne, mlango na kuta za watu zilizobomoka, juu ya kichwa chake. Wa mwisho, usingizi tena.

Kitenzi ni kimoja, na uzito unapanda kutoka kitu kisichoshikika hadi ukuta. Hii ndiyo hoja ya shairi, na tumeipata bila kutaja serikali yoyote.

Onyo la tafsiri: *jegar* ni ini. Usiandike "moyo" ili isikike vizuri. Kiswahili kina "kukatwa maini", kwa hiyo msomaji wetu ataelewa bila msaada.

## Hatua ya 5: Kamata neno lililokaa vibaya

Viktor Shklovsky, mwanafomalizimu wa Urusi, aliandika mwaka 1917 kwamba kazi ya sanaa ni kukifanya kilichozoeleka kiwe kigeni, ili tukione badala ya kukitambua tu. Wahakiki wa Iran wanaliita jambo hilo *āshnāyī-zodāyī*, kuondoa mazoea.

Chukua nakala ya tatu. Kwa kila kitenzi jiulize: Mwajemi sokoni angesema hivi?

Mbalamwezi, kwa kawaida, *mī-tābad*, inaangaza. Nima kaandika *mī-tarāvad*. Kitenzi hiki ni cha maji yanayopenya polepole kwenye ukuta wa mtungi wa udongo. Kuna methali ya Kiajemi isemayo kwamba mtungini hutoka kile kilichomo, na inatumia kitenzi hikihiki. Aliyewahi kugusa mtungi wa maji ya kunywa nyumbani kwa bibi, ukalowa kiganja, anakijua anachokisema Nima.

Kwa hiyo mwanga umekuwa umajimaji. Shika uzi huo. Mshororo wa tano unasema *chashm-e tar*, jicho lililolowa. Mbalamwezi iliyochuruzika katika mshororo wa kwanza imefika jichoni. Halafu rudi kwenye karatasi ya vina: *mahtāb, shabtāb, khāb*. Zote zinaishia *āb*. Na *āb* ni Kiajemi cha maji.

Mtu atasema ni bahati tu, maana maneno hayo hayatokani na maji. Ni kweli, kiasili hayatokani. Lakini nenda ubeti wa tatu, kwenye lile ua: *be jān dādamash āb*, "nililipa maji kwa roho yangu". Mshororo unaisha kwa *āb*, peke yake, neno kamili. Sauti iliyokuwa imejificha ndani ya mbalamwezi, kimulimuli na usingizi imetoka hadharani. Nilipoisikia mara ya kwanza nilisimama nikatembea chumbani.

Utajua umefaulu ukipata neno moja geni lililofungwa na mengine angalau mawili mbali nalo. Neno geni lililo peke yake ni pambo. Likifungwa na mengine ni mbinu.

## Hatua ya 6: Sikiliza sauti za ndani, kwa kiasi

Pigia mstari konsonanti zinazorudi. *Derakhshad shabtāb* ina *sh* mbili zinazogongana. *Khāb* na *khofte* zinashirikiana *kh*. Shafi'i Kadkani, mhakiki na mshairi wa Iran, anagawa muziki wa shairi katika sehemu nne: wa nje (mizani), wa kando (kina na radif), wa ndani (sauti hizi), na wa maana (maneno yanayokabiliana au kupatana). Umeshagusa zote sasa.

Onyo: usiseme "*sh* ni sauti ya huzuni". Hakuna sauti yenye maana yake ya kuzaliwa nayo. Unachoweza kusema ni kwamba sauti imeyaleta maneno mawili karibu, kisha ueleze kwa nini ukaribu huo una maana hapa.

## Hatua ya 7: Ona mwili mzima, halafu fungua mlango wa historia

Linganisha mwanzo na mwisho. Mishororo miwili ya mwanzo inarudi ilivyo, mbalamwezi na kimulimuli. Lakini katikati pameingia kitu: mwanamume mpweke, miguu imetoka malengelenge kwa njia ndefu, amesimama mlangoni mwa kijiji, mzigo begani, mkono juu ya mlango, *anajiambia*. Ndipo inarudi "huzuni ya hawa wachache waliolala".

"Mimi" tuliyemsikiliza muda wote amegeuka "yeye". Maneno yaliyokuwa maungamo sasa yamo kinywani mwa mtu mwingine, tunayemwona kwa nje, usiku, mlango haujafunguliwa. Shairi limerudi lilipoanzia, lakini sisi tumehamishwa tulipokuwa tumesimama.

Sasa, na si kabla, soma wasifu. Nima alizaliwa mwaka 1897 kijijini Yush, Mazandaran, kaskazini mwa Iran. Kijiji, mlango na msafiri havikutoka hewani. Ukitaka kusema waliolala ni taifa, sema. Shairi linawaita *qowm*, watu, kaumu yetu ileile. Lakini sasa una ushahidi: mshororo mrefu usiokatika, kitenzi kinachopanda, mlango usiofunguka. Siasa yako itasimama juu ya kitu.

## Hatua ya 8: Andika

Anza na sentensi moja inayotaja mbinu na kazi yake. Mfano: "Kitenzi *mī-shekanad* kinarudi mwishoni mwa kila ubeti kikibeba kitu kizito zaidi, hata msemaji akabomokewa na nyumba ya watu anaowaonea huzuni." Kisha leta ushahidi kutoka karatasi zako tatu, wenye nguvu kwanza. Acha nje chochote usichoweza kukionyesha kwa kidole. Ile habari ya *chashm-e* ndefu na fupi mimi ningeiweka, lakini kwa sentensi moja tu.

## Ukikutana na shairi lisilo na pigo

Si kila shairi la kisasa ni la Nima. Ahmad Shamlu, mshairi mwingine wa Iran, aliandika *she'r-e sepīd*, "shairi jeupe", lisilofuata mizani hiyo kabisa. Ukijaribu kupiga makofi utaumia bure. Hatua ya pili ibadilishe: badala ya vipande, tafuta miundo ya sentensi inayojirudia, na maneno ya kikale yaliyowekwa katikati ya lugha ya leo, maana Shamlu alijifunza mengi kutoka nathari ya kale ya Kiajemi. Hatua nyingine zote zinabaki zilivyo.

Jinsi ya kutambua: pima mishororo sita. Kama hakuna pigo linaloshika hata baada ya kusikiliza rekodi, ni jeupe.

## Zoezi la kwanza

Chukua mshororo wa mwanzo wa shairi la Mehdi Akhavan Sales liitwalo *Zemestān*, majira ya baridi:

*Salāmat rā nemīkhāhand pāsokh goft*

Maana yake: "salamu yako hawatataka kuijibu". *Salāmat* hapa si "salama". Ni *salām* pamoja na *-at*, "yako". Piga makofi. Ukipata dogo moja na makubwa matatu, mara tatu, uko sawa. Ukipata kingine, rudi kwenye *nemīkhāhand* uangalie mambo mawili: kama umetamka ile vav iliyoandikwa ndani yake, na kama umesahau kuiacha *d* ya mwisho isimame kama *ta* kabla ya *pāsokh*.